Kola ya Farasi

Hadithi ina kurasa kumi na moja.
Maneno yanayotamkwa ndani yake hayajai kiganja.
Mengine yote ni theluji, na moshi, na mtu kumtazama mtu
kupitia ua uliopasuliwa katikati kwa shoka.

Ndugu wawili wamegawana mali ya baba.
Yefimu kachukua farasi,
Nikanori kachukua mkokoteni na kola.
Hakuna aliyekubali kuongeza wala kupunguza.
Basi majira yote ya baridi farasi alisimama bure,
kola ikaning'inia ukutani bure,
na kati yao hatua thelathini.

Mwandishi, marehemu wa siku nyingi, hakusema huo ni upumbavu.
Alieleza tu jinsi ngozi ya kola ilivyoanza kukauka.

Nami nimepewa wiki sita niipandishe jukwaani
katika Ukumbi wa Utamaduni wa wilaya,
ambako bomba la joto hugonga kila robo saa
kama mwenye nyumba anayedai kodi.

Nilianza kwa kukata.
Nikakata kasisi, nikakata mnada, nikakata kuku.
Nikafika hapa:
Jioni ile hakuna aliyewasha taa, kwani hapakuwa na cha kutazama.
Mkasi ukakataa.
Lakini nani aitamke? Sentensi haina mdomo.
Nikampa mke wa Nikanori, ikawa malalamiko.
Nikampa mtoto, ikawa ujuaji.
Nikaiwekea kinanda nyuma ya pazia, ikawa arusi.
Mwisho nikampelekea Taisiya, fundi wa taa:
asiiseme, aifanye.
Akazima taa moja. Akangoja. Akazima ya pili.
Nikaifuta kwenye karatasi, mkono ukinitetemeka
kama niliyeuza kitu kisicho changu.

Farasi sasa.
Glafira Demyanovna, mkurugenzi wetu, alisema wazi:
fungu la farasi halipo,
na watu wawili ndani ya vazi moja, watoto watavunjika mbavu.
Tulikuwa na kola tu, kola ya kweli,
imejazwa majani makavu, inanuka jasho la mnyama
aliyekufa kabla sijazaliwa.
Haya, farasi na awe hewa.

Usiku wa kwanza mabasi mawili yalileta watu wa vijijini,
mabuti ya sufu miguuni, wakikohoa kwa zamu.
Onyesho la mwisho: theluji inayeyuka paani, wakati wa kulima,
Nikanori anavuka zile hatua thelathini
kola begani, hasemi kitu
(ukimya ule nimeutunza kama yai)
anaivisha hewa.

"Haiingii hivyo!"
Safu ya tatu. Mama mmoja amesimama,
mfuko wa plastiki umemwanguka, vitunguu vinabingirika.
"Kichwa cha farasi ni kipana machoni!
Igeuze juu chini, ipite, ndipo uizungushe shingoni.
Utamng'oa jicho!"

Mimi nyuma ya pazia nikatafuta shimo.
Arseni, kijana wa mjini, hajawahi kushika hata mbuzi,
alisita.
Kisha akaivua ile kola polepole,
akapapasa paji la uso ambalo halikuwapo, kuomba radhi,
akaigeuza, akaipitisha machoni, akaizungusha.

Ukumbi mzima ukamwona farasi.
Hata Yefimu, ambaye nilimwandikia asimame mlangoni,
alishuka akashika hatamu.
"Sasa," akasema yule mama, akaketi
kutafuta vitunguu vyake.

Tangu hapo Arseni hukosea makusudi.
Kila kijiji tunachofika, anaivisha vibaya, anangoja,
na kila mara yupo mtu wa kumkemea.

Jana tulicheza mji mkuu wa mkoa.
Viti vya mahameli, tiketi ghali, watu watulivu.
Arseni akakosea.
Akangoja.
Akaendelea kungoja.
Mtu mmoja akaanza kupiga makofi, akifikiri tumemaliza.

Farasi hakuja.